Foto ya Ananie

Watu wa Mususa, mtaa mmoja wa Butembo, walimwita Falonne "Madame Internet", na jina lile lilimchosha. Mwenye simu iliyokufa alimletea. Aliyesahau neno lake la siri alibisha mlangoni siku ya Mungu, kabla hata ya misa ya kwanza. Mama mmoja muuza sombe, yale majani ya muhogo, alikuja kumuuliza kwa nini mega zake za internet zinaisha upesi kuliko za jirani. Falonne alimweleza kwa upole kwamba yeye hatengenezi simu, yeye ni mtu wa sheria: anachunguza nani ana haki ya kufunga mtandao, nani ana haki ya kusikiliza maneno ya watu, na nani anajibu mtu anapochafuliwa jina mle ndani. Mama wa sombe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, Madame. Mais hii yangu, utaniangalizia kidogo?"

Falonne akaiangalia.

Somo lile lilimwingia akiwa bado msichana wa shule, wakati wa uasi, Butembo ilipokuwa mikononi mwa waasi na askari wa ng'ambo ya mpaka. Simu hazikuwepo. Mwenye neno la mbali alikwenda kwenye nyumba ya phonie, ile redio ya kuitana mji kwa mji, akapiga kelele mbele ya wote waliokuwa wakingoja zamu. Baba yake, Gérard, alikuwa mchuuzi wa mawese. Siku moja alimwita mwenzake wa Beni, akamwambia, "Ule mzigo uko njiani, uungoje vizuri." Alikuwa anasema madumu ya mawese. Lakini wakubwa wa waasi nao walikuwa na redio zao, wakisikiliza kila neno, na waliposikia "mzigo" wakaelewa bunduki. Walimchukua Gérard dukani, mbele ya watoto wake. Aliporudi alikuwa anaburuta mguu, na toka hapo hata nyumbani mwake aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama.

Alipoingia chuo kikuu, katika sheria, Falonne aliandika kazi yake ya mwisho juu ya siri ya mawasiliano na juu ya internet. Walimu walicheka. "Internet? Hapa courant yenyewe haiko," mmoja alisema juu ya umeme wa mji, na ukumbi mzima ukacheka pamoja naye. Hakucheka mmoja tu, Profesa Zorobabel, mzee mfupi mwenye kikohozi kisichoisha. Yeye ndiye aliyemchukua kuwa assistant wake, akamsukuma mpaka akawa chef de travaux, cheo cha chini ya profesa, akamwandikisha kwa udaktari. Falonne alizoea kuamka wakati jogoo wa Mususa wanaanza kuwika, kwa sababu saa ile connexion ilikuwa nyepesi, naye aliweza kushusha sheria za nchi nyingine na kuzisoma kabla ya darasa.

Kisha kukaja mwisho wa mwaka 2018. Nchi ilipiga kura, Beni na Butembo zikaambiwa zingoje kwa sababu ya vita na ugonjwa wa Ebola, na serikali ikafunga internet nchi nzima. Redio za mji zilitafuta mtu wa kueleza, zikampata Falonne. Aliandika makala, makala yakasomwa mbali, na mwaka uliofuata akaitwa Ulaya kwenye mkutano mkubwa ambamo serikali, makampuni na vyama hukaa meza moja kujadili nani aongoze mtandao na kwa haki gani. Alisema habari za Butembo kwa dakika chache alizopewa. Baadaye mama mmoja wa kampuni kubwa ya mtandao, ile ambayo watu wa Beni na Butembo waliwekamo picha zao, alimshika mkono na kumpa kadi yake. "Ukiwa na shida yoyote, niandikie mimi mwenyewe," alimwambia. Falonne alirudi nyumbani na moyo mkubwa. Aliona amefungua mlango ambao watu wa kwao hawakuwahi kuufungua.

Mdogo wake, Emérence, alikuwa ameolewa Beni, katika Ruwenzori, commune moja ya mji ule, na mwanamume aliyeitwa Ananie. Ananie alikuwa mtu wa maneno machache, Mprotestanti, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya. Gérard, Mkatoliki wa siku nyingi, alinung'unika kidogo wakati wa mahari, kisha akanyamaza siku alipomkuta mkwe wake jikoni anamenya viazi pamoja na mama mkwe bila haya yoyote. Kazi ya Ananie ilikuwa kuchunga antenne, mnara wa simu, kwenye kilima nje ya mji, karibu na msitu. Alitia mazout, mafuta ya dizeli, katika groupe, ile mashine ya umeme, alilinda betri zisiibiwe, na mashine ikizimika alitoa habari kwa motorola, redio yake ya mkononi.

Falonne alipenda kumtania. "Miye ninasoma internet, weye unainywesha mazout. Nani njo profesa?"

"Ni weye, shemeji," Ananie alijibu. "Miye niko mupishi wake."

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule wa 2019, jeshi liliingia msituni kuwafukuza wauaji, na wauaji wakajibu kwa kuwaua raia. Waliingia mashambani kwa panga, kisha wakafika mpaka kwenye nyumba za pembezoni mwa mji. Beni ilizika kila siku. Vijana waliandamana, wakachoma mipira ya gari njiani, wakaulizana neno moja tu: nani anawaonyesha wauaji njia? Hofu ya namna ile haikai bila kutafuta sura ya kuipiga.

Ikapata sura ya Ananie.

Ilikuwa foto aliyopigwa na mwenzake wa kazi kule kilimani: amevaa buti za mpira na koti la mvua la rangi ya majani, motorola iko mdomoni, msitu uko nyuma. Ananie mwenyewe aliipenda. Aliiweka kwenye ukurasa wake na chini yake mstari wa Zaburi: "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Mtu asiyejulikana aliichukua, akaukata mstari wa Zaburi, akaandika: "Muangalie hii sura. Huyu njo anaitaka wauaji kwa motorola. Iko Ruwenzori. Mutumie na bengine."

Watu wakatuma na wengine.

Falonne alikuwa darasani. Aliona wanafunzi wa nyuma wanapeana simu, akataka kuwakemea, lakini msichana mmoja, Rébecca, akasimama na kumletea simu yake mbele.

"Madame, mutusamehe. Huyu si shemeji yenu? Nilimuona kwenye kilio cha kwenu."

Falonne alitazama. Alitoka nje, akampigia mdogo wake.

"Yaya, dada yangu," Emérence alisema kabla hajaulizwa, "batu banapita mbele ya nyumba, banaangalia, banaenda. Banarudia tena. Bado hawajasema kitu."

"Ananie iko wapi?"

"Iko mu jikoni ya jirani, nyuma ya mifuko ya makala ya kupikia. Yaya, weye njo unajua mambo ya mule ndani. Toa ile foto. Itoe leo."

"Nitaitoa," Falonne alisema.

Alishitaki foto ile kwa kampuni, kwa njia ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha wengine. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kutembea uani: foto imechunguzwa, haivunji kanuni zetu. Akashitaki tena. Akawaomba wanafunzi wote washitaki, darasa zima likainamia simu, na wote wakapata jibu lile lile. Akaitafuta kadi ya yule mama wa Ulaya, akamwandikia kila kitu, jina, mahali, hatari. Jibu lilisema kwamba mama yuko kwenye mapumziko, na mwenye jambo la haraka aandike kwa anwani nyingine. Akaandika kwenye ile anwani. Wakamuuliza maneno ya chini ya foto ni ya lugha gani. Akajibu, Kiswahili. Akangoja kutwa, akalala na simu kifuani.

Kesho yake wakamjibu kwamba msomaji wao wa Kiswahili ameyapima maneno yale. Alielewa kwamba mwandishi anasema mtu huyu anataka wauaji, sentensi imekaa vibaya, haina maana sana, na hamna mtu anayetishiwa ndani yake.

Falonne aliisoma barua ile amesimama. Msomaji wao alikuwa mtu wa Kiswahili cha mbali. Kwake "anaitaka" ilitoka kwenye kutaka. Beni hata mtoto anajua kwamba ni kuita: anawaita, anawaita kila mara. Aliwaandikia maelezo yote, neno kwa neno, kama anavyoeleza ubaoni. Hawakujibu tena siku ile wala siku iliyofuata.

Akaenda polisi ya Butembo. Mkubwa wa pale alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akauliza, "Madame, ni kwa sheria gani nitamutafuta mutu mwenye hana jina?" Falonne alijua kwamba sheria ya simu ya nchi ilikuwa ya zamani na haikufikiri mambo kama haya. Alijua vizuri, kwa maana ndiye aliyeiandikia sura nzima ya kazi yake ya udaktari. Akampigia mwandishi wa redio mmoja wa Beni, akamwomba akanushe hewani. Yule mtu alivuta pumzi.

"Madame, nikitaja jina yake kwa redio, benye hawajaona foto bataitafuta. Unataka nifanye?"

Falonne alimwomba aache. Alimshukuru, akakata.

Siku ya tatu Emérence alisema jirani ameanza kuogopa. Hapo Falonne akamtafuta Ézéchias, dereva wa Fuso aliyebeba mbao za Beni kuja Butembo, mtu wa parokia moja na baba yake. Ézéchias alikubali bila kuuliza mengi, na Falonne akapanda pamoja naye. Walifika Beni, wakapakia mbao, na asubuhi, wakati watu wanakwenda sokoni, gari likapita polepole nyuma ya nyumba za Ruwenzori. Ananie alitoka na koti la mtu mwingine, capuchon, kofia ya koti lile, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Emérence alibaki na watoto, ili nyumba ionekane kama kawaida. Hakulia. Alimfungia mumewe kifungo cha juu cha koti kama anavyomfungia mtoto anayekwenda shule.

Ndani ya kabini, Ananie alikaa katikati. "Shemeji," alisema, "nilifanya nini?"

"Haukufanya kitu."

"Basi banisikilize. Nitasimama mbele yabo, nitabaeleza."

"Hapana, shemeji. Ukae tu."

Kwenye kutoka mjini kulikuwa na kizuizi cha Ebola. Falonne alipita kizuizi kama kile mara nyingi mno hata hakukifikiria. Kila gari lilisimama, watu wote walishuka, wakanawa mikono kwa maji ya dawa ya chlore, wakapimwa joto kwenye paji la uso. Ézéchias alisema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu." Nyuma yao magari mengine yalikuwa yamekwisha kupanga. Kurudi hakukuwezekana.

Walishuka. Msichana mwenye glovu, kipima joto mkononi, alimsogelea Ananie kwa adabu. "Papa, mutoe kofia kidogo."

Ananie alitazama upande wa Falonne, kisha akaivua capuchon.

Aliyemtambua alikuwa dereva wa moto, pikipiki ya kubeba watu, aliyekuwa akikausha mikono yake suruwalini. Alimtazama, akatoa simu, akatazama simu, akamtazama tena. "Ni huyu!" alipaza sauti. "Huyu wa motorola! Anatoroka!"

Watu wakasongamana. Falonne alijitia katikati, mikono wazi. "Ni bongo! Ni uongo ya batu! Niko mwalimu wa université, ninamujua, anachungaka antenne!" Alikuwa ameiweka tayari foto ya kwanza kwenye simu yake, akainyanyua juu. "Muangalie, hii njo ya kweli! Kuko na Zaburi!"

"Banaandikaka Zaburi ili bajifiche," mwanamke mmoja alisema. Mwanamke yule alikuwa amevaa kitambaa cha matanga. Falonne alimwona vizuri, na hakuweza kumchukia.

Jiwe la kwanza lilimpiga Ananie sikioni. Baadaye Falonne hakuweza kukumbuka mengine kwa mpango. Alikumbuka ndoo ya chlore imepinduka na maji yanamwingia viatuni, na Ézéchias anavutwa kwa shati, na sauti yake mwenyewe inaendelea kueleza, kueleza, kama yuko darasani. Kisha risasi hewani. Askari walifika na jeep. "Bima! Noki noki!" walipiga kelele kwa lugha ya jeshi, yaani toka upesi, wakamnyanyua Ananie kwa mkanda na kumtupa ndani. Falonne alipiga magoti matopeni akamshukuru Mungu, akidhani ameokolewa.

Ni kweli aliokolewa kifo. Lakini askari hawakumpeleka hospitali, walimpeleka kwenye ofisi ya sheria ya jeshi, na pale foto ikawa dossier, faili la kesi. Nahodha aliyeishika kesi ile alikuwa mtu mwenye heshima. Alimkaribisha Falonne, akamwita "chère consœur", mwenzake wa sheria.

"Miye ninakuamini," alimwambia. "Huyu mutu hana kitu. Mais angalia inje. Nikimufungulia leo, batamuua mbele ya mulango yangu, na kesho batasema jeshi inalinda bauaji."

"Kwa hiyo anafungwa kwa sababu hana kosa?"

"Anafungwa ili akuwe muzima, Madame."

Falonne aliandika utetezi, kurasa nyingi, na kila sheria iliyowahi kumfaa mtu aliiweka mle. Nahodha alisaini kwamba ameupokea. Mwezi ukapita, na mwingine. Nahodha akahamishwa, aliyemfuata akasema hajaisoma dossier. Kila Jumamosi Falonne alipanda gari kwenda Beni na bakuli la fufu na maharage, akasimama pamoja na wanawake wengine mbele ya gereza, na mara kwa mara alimwona shemeji yake kwa muda mfupi. Ilibidi akae upande wake wa kuume, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Alikuwa amekonda. Kamwe hakuulizia kesi. Aliulizia kama antenne imepata mtu wa kuinywesha mazout. Kisha Corona ikaja, gereza likafunga mlango kwa wageni, na hata bakuli likaachwa kwa mlinzi bila kujua nani atalila.

Profesa Zorobabel alimshauri aingize habari ile katika thèse, ile kazi yake ya udaktari. "Hiyo ndiyo kazi yako yote, binti yangu, katika mtu mmoja," alisema kati ya kikohozi na kikohozi. Falonne alijaribu. Aliandika "Bwana A., mchunga antenne," akakaa mbele ya maneno yale mpaka chai yake ikapoa, akayafuta. Aliitwa pia kusema kwenye mkutano wa Ulaya, safari hii kwa njia ya kompyuta, kila mtu nyumbani kwake. Yule mama wa kadi alikuwepo. Alisema wamesikitika sana. Baada ya juma moja, foto iliondolewa kwenye ukurasa ule ilikoanzia.

Falonne alimpigia Emérence mara moja. "Wameitoa!"

"Wasingya, yaya," Emérence alisema kwa Kinande, ahsante. "Mais nimeiona leo asubuhi. Iko mu simu, mu groupe ya bamama ba soko. Sasa baliongeza jina ya baba yake."

Mle ndani ya simu za watu hakuna kampuni wala sheria iliyoweza kuingia. Foto ilikuwa imehama kutoka mkono hadi mkono kama noti chakavu.

Ananie alitolewa mwisho wa mwaka ule wa Corona, bila hukumu na bila karatasi. Walimrudishia mkanda wake, wakamfungulia. Ruwenzori hakurudi. Emérence alifunga vitu, akaacha meza yake ya soko, na familia yote ikapanda milimani, Masereka, kwenye baridi, katika shamba la shangazi wa Gérard. Huko wanalima viazi na poro, vile vitunguu vya majani marefu. Ananie hana simu. Kwaya ya huko ilimwomba aimbe, akasema hajisikii vizuri upande mmoja, anavuruga wengine.

Falonne alitetea thèse yake miaka miwili baadaye. Walimpa alama kubwa, Mususa ilimchezea mpaka jioni, na mama wa sombe alimtandikia kitenge chini apite juu yake. Juma lililofuata alipanda moto ya kukodi kwenda Masereka. Alimkuta shemeji yake anapandishia viazi udongo, na kwa kuwa hakumsikia, ilibidi azunguke mpaka mbele yake.

"Wabukire, docteur," Ananie alimsalimu, akatabasamu, akafuta mikono.

Walikaa ukingoni mwa shamba. Falonne alimweleza juu ya sheria mpya ambayo wengine wanaitayarisha Kinshasa, na kwamba walimwomba maoni. Ananie alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za harusi ya watu asiowajua. Kisha akauliza, bila kumtazama:

"Bado iko?"

Falonne angeweza kusema hapana. Pale hapakuwa na mtu wa kumpinga. Lakini mwezi uliopita tu, baada ya mauaji mengine, Rébecca alikuwa amemtumia foto ile ile, imetiwa maandishi mekundu.

"Iko," alisema.

Ananie aliokota jembe. Moto ilisikika inapanda mlima, naye akaligeuza sikio lake zima upande wa njia, akasimama hivyo, jembe mkononi, mpaka ilipopita na sauti yake ikaishia ng'ambo. Kisha akainama tena kwenye viazi. Emérence alitoka nyumbani na maharage, akamwambia dada yake alale, mvua inakuja. Falonne alisema hawezi, kesho saa mbili ana darasa.